Tuhuma Moja, Milango Miwili ya Gereza

Usiku wa Mei 15, 2010, Kalief Browder alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu kutoka kwenye sherehe, eneo la Bronx, New York. Zilibaki siku 10 atimize miaka 17. Polisi wakamsimamisha, na mtu aliyekuwa nao akamnyooshea kidole: huyu ndiye aliyeniibia begi. Wakampekua, hawakukuta kitu. Mlalamikaji akasema kumbe wizi wenyewe haukuwa wa usiku ule, ulitokea kama wiki mbili nyuma. Kijana akachukuliwa hivyo hivyo.

Mahakama ilimwekea dhamana ya dola 3,000, na familia yake haikuwa na fedha hizo. Wengi wanaosimulia kisa chake huishia hapo, kwamba maskini alifungwa kwa kukosa dhamana, na ni kweli. Lakini kuna jambo linalorukwa, nami ndilo nataka kulitazama. Siku 74 baadaye alirudishwa mahakamani kusomewa mashtaka rasmi ya unyang'anyi, akakana. Kwenye faili ikaonekana kuwa alikuwa bado yuko kwenye probesheni, yaani adhabu ya kuangaliwa akiwa uraiani, kwa kosa la nyuma, la gari la mizigo lililochukuliwa na vijana na kugongeshwa. Dhamana ikaondolewa. Kuanzia siku hiyo, hata kama ukoo mzima ungeuza kila kitu na kuja na zile dola 3,000 mkononi, asingetoka. Alikaa kwenye gereza la Rikers Island karibu miaka 3, na takriban 2 kati ya hiyo alikuwa kwenye selo ya kutengwa. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa bila kesi kusikilizwa hata siku moja. Juni 2015 alijiua, akiwa na miaka 22.

Kilichomfunga kwa muda mrefu ni kile kifungo cha zamani alichodhani amekimaliza kwa kuambiwa aende nyumbani. Ile tuhuma ya begi ilitosha kukiamsha tu.

Sisi tunasema mtu "ameachiwa". Kijana akitoka mahakamani bila pingu, ndugu wanapiga vigelegele, mama anashukuru Mungu, na jioni pilau inapikwa. Ni wachache wanaouliza ameachiwa kwa masharti gani, ya muda gani, na nini kitatokea akikamatwa tena hata kwa jambo asilolifanya. Kwa upande huu lugha ya mtaani Tanzania imekuwa na ukweli kuliko ile ya wanasheria, maana inasema "kifungo cha nje". Watanzania wengi walilizoea neno hilo Mei 2018, pale mwigizaji Elizabeth Michael, Lulu, alipotolewa gerezani kumalizia adhabu yake kwa kutumikia jamii. Kifungo ni kifungo. Kilichobadilika ni mahali pa kulala.

Nchini Marekani watu wanaoishi katika hali hiyo ni wengi kuliko walioko magerezani. Mwishoni mwa 2022 walikuwa zaidi ya milioni 3.6, walio wengi kwenye probesheni, na waliobaki kwenye parole, yaani waliotoka gerezani kabla ya kumaliza muda wao. Masharti yao hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, lakini moja lipo karibu kila mahali: usivunje sheria yoyote. Linasikika jepesi. Nani atalalamika kuambiwa asivunje sheria? Ugumu uko kwenye swali la nani anaamua kwamba umeivunja, lini, na kwa ushahidi wa uzito gani.

Mtu wa kawaida akishtakiwa Marekani, serikali inatakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka, mbele ya jopo la raia akitaka. Mtu wa probesheni akishtakiwa kwa jambo lile lile, anafunguliwa milango miwili. Wa kwanza ni kesi mpya, na huko ana haki zote. Wa pili ni shauri la kuvunja masharti. Humo hakuna jopo, jaji huwa mmoja, na kipimo katika sehemu nyingi ni mizania ya uwezekano, kile tunachotumia sisi kwenye kesi ya shamba au ya deni. Jaji akiona kuna uwezekano zaidi kidogo ya nusu kwamba ulifanya, inatosha kukurudisha ndani kutumikia adhabu ya zamani. Haihitajiki ukutwe na hatia. Unaweza kushinda kesi mpya na bado ukafungwa kwa mlango wa pili, kwa tukio lile lile ambalo jopo limesema halikuthibitika. Mwananchi wa kawaida hawezi kuliamini hili mpaka limkute, na namwelewa.

Utaratibu huu una historia, na ukiifuata utaona kuwa hata hiki kidogo kilipiganiwa. Miaka ya 1960 mtu mmoja, Gerald Scarpelli, alipewa Wisconsin adhabu ya miaka 15 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu ikasitishwa, akawekwa kwenye probesheni ya miaka 7 na kuruhusiwa kuishi jimbo jirani la Illinois. Agosti 1965 akakamatwa huko kwa tuhuma ya kuvunja nyumba. Polisi walisema amekiri. Yeye baadaye alisema alilazimishwa. Kabla ya mwezi kwisha tangu akamatwe, Wisconsin ilikuwa imeshafuta probesheni yake na kumpeleka kutumikia ile miaka 15. Hakuna aliyemketisha kumsikiliza, wala hakupewa wakili. Tuhuma iliandikwa kwenye karatasi na karatasi ikamfunga.

Mwaka 1972, katika kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer iliyotoka Iowa, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu wa parole hawezi kunyang'anywa uhuru wake bila kusikilizwa. Mwaka uliofuata, kwenye kesi ya huyu Scarpelli, ikaupeleka msingi huo kwa watu wa probesheni, na kusema suala la wakili litaangaliwa kesi kwa kesi. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ndani ya uamuzi ule ule wa 1972 kulikuwa na sentensi iliyofungua mlango wa pili na kuuacha wazi hadi leo: kufuta parole si sehemu ya mashtaka ya jinai, kwa hiyo haki zote za mshtakiwa haziwezi kudaiwa humo. Hoja yenyewe ina mantiki. Mtu huyu alishakutwa na hatia, uhuru alionao ni wa masharti, na tunaangalia masharti tu.

Mimi sikubaliani nayo, angalau pale ambapo sharti linalodaiwa kuvunjwa ni kosa jipya la jinai. Akikosa kuripoti kwa afisa, au akahama bila taarifa, sawa, hilo ni suala la masharti, liamuliwe haraka na kwa kipimo chepesi. Lakini ukisema fulani ameiba, umemtuhumu kwa jinai. Kubadilisha jina la kikao hakubadilishi uzito wa tuhuma, wala urefu wa miaka atakayokaa ndani. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na hawakuweka kando mnyonge aliyewahi kukosea.

Sasa mfikirie mtu mwenyewe asubuhi baada ya kukamatwa. Wakili wake kwenye kesi mpya anamwambia jambo moja tu: nyamaza. Ushauri mzuri. Lakini masharti ya probesheni mara nyingi yanamtaka aripoti kwa afisa wake, aeleze kukamatwa kwake, na ajibu maswali kwa ukweli. Akinyamaza anaweza kuandikwa kuwa hana ushirikiano. Akisema, maneno yake yanaweza kusafiri kutoka ofisi ya afisa hadi kwa mwendesha mashtaka. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, katika kesi ya Minnesota dhidi ya Murphy, iliamua kwamba alichokiri mtu kwa afisa wake wa probesheni kinaweza kutumika kumshtaki, ikiwa hakudai waziwazi haki yake ya kutojitia hatiani. Haki hiyo haijifufui yenyewe, lazima uitaje. Kwa ndugu zetu walioko Marekani ambao Kiingereza wamekijulia ukubwani, waliokulia Uvira au Kigoma ambako ofisa wa serikali huitikiwa "ndiyo mzee", natamani jambo hili lingebandikwa ukutani kwenye kila nyumba: yule afisa anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado si wakili wako. Ukikamatwa tena, mwite wakili kabla ya miadi, na umuulize utasema nini na hutasema nini. Na kama si raia, mweleze hivyo siku ya kwanza, kwa sababu kukiri kosa dogo ili uende nyumbani kunaweza kufungua faili la uhamiaji ambalo halina kifungo cha nje.

Hata ushahidi uliopatikana isivyo halali unaingia kwa mlango wa pili. Mwaka 1998, katika kesi iliyotoka Pennsylvania, silaha zilikutwa nyumbani kwa mama wa mtu aliyekuwa kwenye parole, katika upekuzi ambao uhalali wake ulipingwa. Kwenye kesi ya jinai, ushahidi uliopatikana kinyume cha katiba hutupwa nje. Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kanuni hiyo haifungi bodi ya parole. Yaani polisi akijua nyumba fulani ina mtu wa parole, anajua pia kwamba akikosea, kosa lake halitaharibu kila kitu.

Pennsylvania hiyo hiyo ndiyo iliyotupa kisa cha Robert Rihmeek Williams, mwanamuziki anayejulikana kama Meek Mill. Alikamatwa mwaka 2007 akiwa na miaka 19, akakutwa na hatia 2008 ya makosa ya bunduki na dawa za kulevya, na probesheni yake ikarefushwa na kurefushwa. Mwaka 2017 alikamatwa mara mbili, mara moja kwa ugomvi katika uwanja wa ndege wa St. Louis na mara nyingine kwa kuendesha pikipiki kwa fujo New York. Mashtaka yote mawili hayakufika mbali. Mwendesha mashtaka na afisa wake wa probesheni hawakutaka afungwe. Hata hivyo Novemba 2017 jaji aliyekuwa na faili lake kwa miaka yote hiyo alimpa kifungo cha miaka 2 hadi 4. Alitoka Aprili 2018 kwa amri ya mahakama ya juu ya jimbo, na Julai 2019 ile hatia ya 2008, mzizi wa kila kitu, ikabatilishwa. Alikuwa na fedha, mawakili wakubwa, na mashabiki waliojaa barabarani Philadelphia. Ilimchukua zaidi ya miaka 10. Fundi seremala asiye na wimbo hata mmoja redioni angechukua mingapi?

Niseme kuhusu muda, kwa sababu hapo ndipo dhuluma hii inafanya kazi kimyakimya. Mtu akiwa ndani bila dhamana, mwendesha mashtaka hana haraka. Kesi inaweza kupigwa kalenda leo, kesho na keshokutwa. Kalief alipelekwa mahakamani zaidi ya mara 30. Kila kalenda ilipopigwa, ofa ilibadilika: kiri, tukupunguzie. Mwishoni aliambiwa akiri makosa madogo mawili na atatoka siku hiyo hiyo, kwa kuwa muda alioukaa ulishatosha. Alikataa. Alisema hakufanya, akarudishwa Rikers. Sijui ni watu wangapi katika nafasi yake wangefanya hivyo, na siwalaumu wanaokiri. Anayesota rumande kwa tuhuma ya uongo, akielezwa kwamba uongo mmoja utamrudisha kwa mama yake leo, amewekwa kwenye mtihani ambao mahakama haina haki ya kumtungia mtu. Na akikiri, probesheni nyingine huanza, na masharti mengine, na hatari ya kukamatwa upya.

Nayajua majibu ya upande wa pili, na sitayapita kwa mkato. Juni 2022, London, mwanamke wa miaka 35 aliyesomea sheria aliuawa akirudi nyumbani kwa miguu. Aliyemuua alikuwa ametoka gerezani siku 9 tu kabla, akiwa chini ya uangalizi, na alikuwa ameshakosa miadi na maafisa wake. Ukaguzi rasmi wa baadaye ulisema wazi kwamba kiwango chake cha hatari kilipimwa chini ya ukweli, na hatua ya kumrudisha ndani ilichelewa. Familia ile haiwezi kuambiwa habari za mizania ya uwezekano. Wana haki ya kuuliza kwa nini mtu huyo alikuwa mtaani.

Lakini tazama kilichokosekana pale. Walikosa macho juu ya mtu mmoja, historia yake na mwenendo wake wa wiki ile. Kanuni ya kumfungia kila anayekamatwa tena haitoi macho hayo, inayaziba, maana ofisi iliyojaa watu wa makosa ya begi na pikipiki haina muda wa kumwona yule wa hatari. Ninachotaka ni kwamba mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu upesi, ndani ya siku moja au mbili, na upande wa mashtaka ueleze kwa ushahidi kwa nini huyu, kwa jina lake, ni hatari au atatoroka. Wakiweza, abaki ndani. New York ilikaribia hapo Septemba 2021, gavana Kathy Hochul alipotia saini sheria iliyoondoa utaratibu wa kuwafungia moja kwa moja watu wa parole wanaotuhumiwa kuvunja masharti kabla hawajaonana na hakimu. Sheria hiyo ni ya parole. Kalief alikuwa probesheni, kwa hiyo isingemgusa.

Na kwetu? Hapa nilishangaa, nikafurahi, halafu nikakasirika, kwa mfuatano huo.

Nilifurahi kwa sababu sheria za Tanzania na Kenya, ambazo kwa sehemu hii zimerithiwa kutoka Uingereza, zina neno moja zuri ambalo Marekani haina. Mtu aliyeachiwa Tanzania kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya miezi 12 chini ya Kanuni ya Adhabu, au aliyewekwa kwenye probesheni Kenya, anarudishwa kujibu kosa lake la zamani kwa kutenda kosa jipya pale anapokuwa amepatikana na hatia ya kosa hilo. Amepatikana na hatia. Kukamatwa hakutoshi, wala kutajwa. Kesi mpya isikilizwe kwanza, iishe, kisha ndipo la zamani lifunguliwe. Kwa maandishi, sisi tumelinda dhana ya kutokuwa na hatia kwa mtu wa kifungo cha nje vizuri kuliko taifa linalojiita nchi ya walio huru.

Kilichonikasirisha ni dhamana. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 148(5), inataja watu ambao mahakama haipaswi kuwapa dhamana. Wengi wanakijua kwa mauaji, uhaini na unyang'anyi wa silaha. Lakini humo humo yumo mtu aliyewahi kuhukumiwa kifungo kinachozidi miaka 3. Hakuna kuuliza lilikuwa kosa gani, miaka mingapi imepita, wala sasa ameshtakiwa kwa nini. Sasa chukua Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Parole ni ya mfungwa anayetumikia kuanzia miaka 4, aliyekwisha kutumikia theluthi moja ya kifungo na ambaye kosa lake halimo kwenye orodha ya yaliyozuiwa. Weka sheria hizo mbili mezani pamoja. Kila mtu wa parole Tanzania, bila kubakiza hata mmoja, ana kifungo kinachozidi miaka 3. Maana yake ni kwamba akituhumiwa kosa lolote jipya, hata la kugombana na jirani kuhusu maji ya mtaro, mlango wa dhamana umeshafungwa kabla hajafungua mdomo. Atasota mahabusu huku upelelezi "haujakamilika". Ile parole iliyochukua vikao, taarifa za mkuu wa gereza, maoni ya kijiji na saini ya Bodi, inaweza kuvunjwa na jirani mwenye chuki na askari mmoja wa zamu.

Mei 2020 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikitangaza kifungu hicho cha 148(5) kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, katika shauri la Dickson Sanga. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Hukumu ya Rufani naiheshimu kama sheria ya nchi. Bado Bunge lina kalamu. Kipengele cha aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka 3 kinaweza kutolewa kwenye orodha ya marufuku na kuwekwa miongoni mwa mambo ambayo hakimu atayapima, pamoja na aina ya kosa jipya na mwenendo wa mtu tangu atoke. Kenya wana nusu ya jibu: Katiba yao, ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima, na maafisa wa probesheni huandikia mahakama ripoti kumhusu mtu, anaishi wapi, anafanya kazi gani, majirani na mlalamikaji wanasemaje. Tanzania tuna Idara ya Huduma za Uangalizi, ina watumishi waliosomea kazi hiyo, na kwa mtu aliyeko kwenye uangalizi au parole faili lake tayari lipo. Hakimu aliagize. Alisome asubuhi ile ile mshtakiwa anapopandishwa kizimbani, kabla ya kupanga tarehe.